Mwalimu Aliyetaka Kukatizwa

Hospitali nzima ilimwita Mzee wa Picha, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa daktari wa eksirei, na sisi tulikuwa madaktari wasaidizi watano tuliotolewa wilayani tukaletwa Dodoma mjini kujifunza kwake namna ya kusoma picha. Wenzangu wanne walirudi walikotoka baada ya mwaka na nusu. Mimi nikabaki naye kama msaidizi wake, na kwa jumla nilimjua miaka tisa kabla hajastaafu. Nitamwelezea kama nilivyomwona, na pale anapostahili kusemwa nitamsema, kwa sababu kati ya watu wote niliowahi kuwaheshimu, yeye ndiye aliyechukia zaidi kuheshimiwa kwa namna ile tuliyoizoea. Au ndivyo alivyosema.

Ncha za vidole vyake zilikuwa za kahawia kwa dawa za kusafishia filamu. Kazi ya kusafisha haikuwa yake, kulikuwa na mtu wa chumba cha giza, lakini Mzee hakuwa na subira. Aliingia mwenyewe, akatoka na filamu inadondosha maji, akaitundika kwenye taa ya kusomea kabla haijakauka. Sakafu yetu ilikuwa na alama za matone kuanzia mlangoni hadi mezani. Mama wa usafi alimnunia kila asubuhi, naye kila asubuhi alimwomba msamaha kwa unyenyekevu mkubwa, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuichafua tena.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa milango. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni Majengo, redio za kila aina zilipiga kelele madukani, na hospitali za watu binafsi zilianza kufunguliwa mtaa hadi mtaa. Mzee alizitukana hospitali hizo asubuhi na jioni. Alisema zitatufanya tuuze mapafu ya watu kwa kilo. Lakini filamu zilipotuishia, na ziliisha mara kwa mara, yeye ndiye aliyepanda baiskeli kwenda kuwaazima, akiwaita "ndugu zangu." Nikamuuliza siku moja, Mzee, jana walikuwa wezi, leo ni ndugu? Akanijibu kwamba ndugu humchagui, na akaendelea kujaza upepo.

Moyoni mwake lilikaa jambo moja tu, na yeyote aliyekaa naye nusu saa alilijua. Hakutaka daktari ajifunze kwa kumkosea mgonjwa. "Mgonjwa si daftari la mazoezi," alikuwa akisema. "Kosa lako la kwanza likosee hapa kwangu, kwenye mbavu za mbuzi." Na zilikuwa mbavu za mbuzi kweli. Alizinunua kwa pesa yake, akazivunja mahali fulani kwa nyundo, akazifunga ndani ya blanketi kuukuu, akazipiga picha kwa filamu zilizopitwa na wakati, kisha akatuletea tuseme umevunjika ubavu wa ngapi. Kibuyu kilichojazwa pamba na kokoto mbili kilikuwa pafu lenye uvimbe. Maini ya ng'ombe yenye vijiwe ndani yalikuwa figo. Baada ya somo nyama ilikwenda jikoni ikapikwa, na mpishi mkuu alilalamika kwamba siku moja kijiwe kitamvunja mtu jino na huyo atakuwa mgonjwa wa kweli.

Mpishi huyohuyo, mama mnene mcheshi, ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu katika maigizo makubwa. Mzee alimwandikia maneno yake kwenye bahasha kuukuu za picha. Alimlaza mezani, akajifanya kumdunga ile dawa inayong'arisha figo ili zionekane kwenye picha, dawa ambayo miili ya watu wachache huikataa ghafla. Baada ya dakika moja Mama wa Jikoni alianza kujikuna, halafu kukohoa, halafu kukoroma na kugeuza macho. Sisi tulitakiwa tujue nani ashike nini, nani akimbilie wapi. Mara ya kwanza watatu wetu tulikimbilia mlango mmoja, tukakwama. Mama akafumbua jicho moja akasema, "Wanangu, nimeshakufa, rudini taratibu."

Tulicheka hadi machozi. Mzee hakucheka. Alichukua daftari lake kubwa lenye gamba jeusi akaandika dakika tulizochelewa. Daftari hilo ndilo lililokuwa maisha yake. Alikuwa amepanga humo mafunzo ya wiki mbili, siku kwa siku: mgonjwa gani aigizwe, barua ya wodini iseme nini, picha ipi itundikwe, kosa gani lifichwe na wapi. Alitaka kila daktari wa kanda ya kati anayesoma picha, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa na kwingineko, apitie wiki hizo mbili kabla ya kuachiwa watu. Aliomba stoo moja ya zamani iliyojaa vitanda vibovu iwe darasa, na kibali kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka minne aliandika barua. Alizisoma kwa sauti kabla ya kuzituma, akaniuliza kama zina ukali mno. Zilikuwa na ukali mno, nami nilimwambia ziko sawa.

Kosa la kufichwa ndilo lililokuwa kiini cha mafunzo yote, na lilitushinda kuliko mbavu na figo. Kila Alhamisi Mzee alisoma picha mbele yetu, na mahali fulani, kwa makusudi, alikosea. Kazi yetu ilikuwa kumkatiza. Alitupa maneno mawili tu: "Mzee, hapana." Alitaka yatoke palepale, kwa sauti, bila utangulizi. Hebu mtu aliyelelewa Dodoma ajaribu. Mimi ni mtoto wa Kibakwe, nimelelewa na bibi aliyeweza kukunyima chakula kwa kumtazama usoni anapoongea. Mwenzetu mmoja, aliyetoka upande wa Buigiri, alikuwa mpole hadi unamwonea huruma. Alipoona kosa alisimama, akakunja mikono, akaanza: "Shikamoo Mzee. Samahani sana Mzee, kwa heshima zote, labda ni macho yangu tu, lakini huenda ikawa..."

Mzee alikuwa anatazama saa. "Marahaba," akamjibu. "Mgonjwa alikufa kwenye 'samahani.' Kaa chini."

Tulifanya mazoezi ya kusema maneno yale mawili kama watoto wanaojifunza kuhesabu. Alitusimamisha mmoja mmoja. Alitukemea kwa kunong'ona. "Adabu yenu itaua mtu," alisema. "Nyinyi mkimwona mkubwa anaelekea shimoni, mnangoja atumbukie ndipo mmpe pole." Taratibu tukazoea. Ilipofika miezi mitatu hata yule wa Buigiri alikuwa anapiga kelele "Mzee, hapana!" na Mzee anafurahi, anapiga makofi, siku hiyo anatununulia zabibu kwa wale akina mama wa getini. Ila naona sasa kwamba tulizoea kumkatiza siku ya Alhamisi. Siku nyingine zote tulikuwa watoto wa bibi zetu.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Nilikwenda mara nyingi, mkewe alinipenda. Mzee alikuwa wa ukoo wa wale waungwana wa mjini ambao babu zao walikuja na misafara, na nyumba ile iliendeshwa kwa utaratibu wa zamani. Akiongea, watoto wakubwa wenye watoto wao walitazama mkeka. Binti yake wa pili aliwahi kumsahihisha jina la mtu aliyekuwa akimsimulia, jambo dogo kabisa. Mzee aliacha kula, akanawa, akatoka. Hakusema neno hadi kesho yake. Nilikuwepo, nikajua nimeona jambo ambalo halikuwemo kwenye daftari jeusi.

Kwa nini alishikilia mafunzo yale, alinieleza mara moja tu, tukiwa tunangoja umeme urudi. Zamani, akiwa daktari kijana mwenye haraka na sifa, alimdunga mwanamke mmoja ile dawa ya figo. Nesi aliyesimama pembeni aliona vipele vinatoka shingoni kwa mgonjwa. Aliviona mapema, dawa ikiwa nusu. "Akaogopa kuniambia," Mzee akasema. "Siku ile nilikuwa nimemfokea asubuhi kwa kitu kingine. Akangoja nimalize sindano." Mwanamke hakupona. Nesi aliacha kazi. Mzee alisema jina la yule mwanamke, la baba yake na la kijiji chake, na umeme uliporudi akainuka kuendelea na kazi.

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba nilijua. Hakuna mtu aliyejua vizuri kuliko mimi.

Macho yake yalianza kufifia miaka miwili kabla barua zake hazijajibiwa. Hakumwambia mtu. Alipotuambia, mimi na wanafunzi waliokuja baada ya wenzangu, "Soma wewe kwanza, nikusikie," tulidhani ni ufundi wa kufundisha. Alipoisogelea taa hadi pua ikaigusa filamu, tulidhani anatafuta jambo dogo ambalo sisi hatulioni. Mwenyewe aliwaambia wagonjwa wanaochelewa hospitali, "Mficha maradhi kifo humuumbua," na kwa miaka miwili akaficha yake. Siwezi kumlaumu peke yake. Nilikuwa nimeanza kumwekea kalamu mkononi asije akaipapasa mezani, na sikumuuliza chochote. Niliita hiyo heshima.

Basi barua za miaka minne zikajibiwa. Wageni wanne kutoka Dar es Salaam watakuja kuyaona mafunzo, na wakiridhika stoo itakuwa yake, na kibali cha kanda nzima. Mzee alipoteza usingizi. Alimnunulia Mama wa Jikoni khanga mpya ya kuigizia ugonjwa. Wageni walikaa kwenye viti vya ofisi ya mganga mkuu vilivyobebwa hadi chumbani kwetu, soda mkononi, na igizo la kwanza likaenda vizuri kuliko mazoezi yote. Mama alikufa na kufufuka kwa wakati. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika sana akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Tulipokuwa tunajiandaa kwa igizo la pili, mlango ukafunguliwa. Lori la mahindi lilikuwa limepinduka, na utingo wake ameletwa na daktari wa zamu, hawezi kupumua. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha magurudumu kwa sababu akilala anakosa hewa kabisa. Tulimpiga picha ya kifua hivyohivyo ameketi. Mzee akaingia chumba cha giza, akatoka na filamu inadondosha maji, akaitundika, wageni wakasogea nyuma yake waone.

Filamu haina mbele wala nyuma. Ukiigeuza, kulia kunakuwa kushoto, na picha inabaki nzuri vilevile. Ndiyo maana huwekwa herufi ndogo ya madini ya risasi pembeni ya kifua, ikuonyeshe upande. Herufi zetu zilikuwa zimepotea tangu masika, tumeomba nyingine hazijaja, kwa hiyo tulizoea kutazama hewa ya tumbo, lile duara jeusi linalokaa chini ya mbavu za kushoto. Mzee ndiye aliyetufundisha hivyo.

"Hewa imevuja kati ya pafu na mbavu," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Pafu limesinyaa. Upande wa kulia. Daktari, weka mpira wa kutolea hewa upande wa kulia, haraka."

Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye. Duara la tumbo lilikuwa upande uleule aliouita kulia. Filamu imegeuka, na pafu lililosinyaa ni la kushoto.

Ningependa kuandika kwamba nilidhani ni kosa la makusudi, sehemu ya maonyesho. Nimejaribu kujidanganya hivyo mara nyingi. Lakini yule hakuwa Mama wa Jikoni, alikuwa kijana mwenye midomo ya bluu, na mimi nilijua. Nilivuta pumzi niseme. Nikawaona wale wageni wanne, nikamwona Mzee amesimama wima, shati limepigwa pasi, miaka minne ya barua nyuma yake, nikawaza: si mbele yao. Akitoka hapa nitamvuta pembeni, nitamnong'oneza, atatafuta namna ya kurekebisha mwenyewe bila kuaibika. Hivyo ndivyo mkubwa anavyosahihishwa kwetu. Ingechukua dakika mbili.

Mgeni mmoja alimshika mkono kumpongeza. Halafu mwingine akauliza swali, na Mzee akajibu kwa kirefu. Nilipofanikiwa kumwambia, mlangoni, kwa sauti ya chini, "Mzee, nadhani ile picha tuiangalie tena," daktari wa zamu alikuwa amekwisha kumtoboa utingo upande wa kulia, ule usio na ugonjwa. Daktari huyo alikuwa kijana. Alikuja kuniambia baadaye kwamba masikio yake yalimwonyesha kushoto, alisikiliza kifua mara mbili, lakini nani angebishana na Mzee wa Picha? Kwa hiyo tulikuwa wawili.

Utingo hakufa. Walimtoboa na kushoto, akakaa nasi wiki saba, akatoka na makovu mawili na kifua kisichoweza tena kubeba gunia. Mkewe alikuja kutushukuru kwa kumwokoa, akatuletea kuku. Sikuweza kumwangalia usoni. Kuku yule alipelekwa jikoni, mimi nikasema sina njaa.

Wageni waliondoka siku hiyohiyo. Hawakufoka. Barua yao ilisema wazo ni zuri na litaangaliwa hapo baadaye, na ilishauri kwa upole kwamba daktari mhusika apimwe macho. Stoo ilibaki na vitanda vyake. Miezi michache baadaye Mzee aliomba kustaafu, akahamia Kondoa kwa ndugu zake. Siku ya kumuaga alishika mkono wangu muda mrefu, nikadhani ataniuliza. Aliniambia nipunguze chumvi kwenye chakula. Daftari jeusi aliondoka nalo.

Mimi nami nikaondoka. Nilichukua kazi katika mojawapo ya hospitali zile za binafsi alizokuwa akizitukana, mshahara mara tatu, taa mpya ya kusomea picha, herufi za risasi za kutosha. Miaka sita ikapita. Kila Idi nilisema mwaka huu nitakwenda Kondoa kumsalimu, na nikatuma salamu tu. Si umbali ulionizuia, mabasi yalikuwepo kila siku. Niliogopa kwenda.

Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta ameketi barazani kwa binti yake wa pili, yule aliyewahi kumsahihisha. Macho yalikuwa yameziba kabisa. Alikuwa amekataa kupasuliwa, na binti aliniambia mlangoni kwamba nyumba nzima imechoka kumbembeleza. Nilimwamkia kabla sijakaribia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu wa Kibakwe. Umenenepa, nakusikia unavyotembea."

Tukanywa chai. Yake bado ilikuwa na sukari vijiko vinne, kama zamani. Akaniuliza habari za watu mmoja mmoja, akafika kwa utingo, akataka kujua kama yu hai. Nilikuwa nimemwona stendi mwaka uliopita, anauza tiketi. Akasema Alhamdulillahi. Hapo nikaona nisipoongea sitaongea tena.

"Mzee, siku ile niliona. Niliona mapema, ulipoitundika tu."

"Najua," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

"Ulikuwa kushoto kwangu," akaendelea. "Ulivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Mimi sikuona kosa, nilikuwa naona ukungu mtupu, lakini pumzi ile niliisikia, nikajua kuna kitu. Ningeweza kugeuka nikakuuliza, 'Kuna nini, mwanangu?' Badala yake nikaongeza sauti nikamharakisha daktari." Alipapasa kisahani hadi akakipata. "Nilikuwa nakuomba moyoni usiseme. Mbele ya wale, usiseme. Na uliponyamaza nilikushukuru."

Nililia. Yeye hakunibembeleza, alingoja nimalize. Binti yake alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Nilimwambia naomba radhi, akasema na yeye anaomba, na kwamba radhi zetu wote wawili zilistahili kwenda kwa yule wa stendi. Nikamwahidi nitamtafuta utingo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea ahadi ya kawaida.

 Jua lilikuwa limesogea hadi miguuni kwake, akaivuta kivulini.

"Sasa wewe ndiye mkubwa," akasema. "Una vijana wangapi kwenye chumba chako?"

"Watatu, Mzee. Wazuri, wana bidii."

"Wamewahi kukukatiza?"

Nilitafuta. Nilipitia nyuso za wote watatu, asubuhi zote, picha zote nilizozisoma mbele yao. Walikuwa vijana wenye adabu sana, nilikuwa nikiwasifia hilo kwa wazazi wao.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Hata mara moja."

"Miaka sita."

"Miaka sita."

Alinigeuzia uso, macho yake meupe yakiwa yamenipita kidogo. "Na ulikuwa ukidhani ni kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nikidhani ni kwa sababu sikosei.